Magego na Mpiga Ngoma Aliyesubiri Meno

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ya Jumamosi, fundi wa meno ya bandia amesimama mbele ya sufuria kubwa akiwa na koleo mkononi. Ndani ya sufuria hakuna viazi wala mayai. Kuna kisanduku cha chuma kilichobanwa kwa skrubu nne, na ndani ya kisanduku hicho kuna meno ishirini na manane ya mpiga ngoma.

Fundi anachovya kidole kwenye maji. Bado ya vuguvugu. Anakifuta kidole kwenye aproni, anatazama saa ya ukutani, kisha anaitazama tena kana kwamba mara ya kwanza imemdanganya.

"Ukifungua kabla hakijapoa, ufizi wa plastiki unapinda," anaeleza. "Ufizi ukipinda, meno hayakai. Meno yasipokaa, Afande hapandi jukwaani. Afande asipopanda, hakuna bendi. Sasa mimi nifanye nini? Nasubiri maji."

Maji, kama ilivyo desturi yake, hayana haraka.

Bendi inayosubiri maji hayo inaitwa Magego. Inapiga muziki wa roki, inajitungia nyimbo zake, haina kampuni, haina meneja na haina sare. Saa tisa alasiri ya leo imepangwa kupanda jukwaani katika ukumbi wa chuo cha ufundi, ikiwa ya tatu kati ya bendi tano. Mabango yamebandikwa mjini kwa wiki mbili. Jina la Magego limeandikwa kwa herufi kubwa, heshima ambayo liliwahi kuipata mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa kwenye tangazo la kuomba radhi.

Fundi, ambaye wenzake humwita Gego, ana umri wa miaka arobaini na moja na hupiga gitaa la besi. Ndiye mtu pekee aliyemo kwenye bendi tangu siku ya kwanza, miaka kumi na minne iliyopita. Wengine wote wamepita.

Na wamepita kwelikweli. Kufikia mwanzo wa wiki hii walikuwa wameondoka waimbaji sita, wapiga gitaa wanne, wapiga ngoma wanne, wapiga kinanda wawili na mpiga tarumbeta mmoja. Mwimbaji wa kwanza alihama mji, wa pili aliokoka, wa tatu aliolewa, na wa nne alifanya yote matatu ndani ya mwezi mmoja. Mpiga tarumbeta alidumu siku tisa, ingawa majirani wanasisitiza ilikuwa miezi.

Mtu mashuhuri akiondoka, magazeti huandika kwamba pengo lake halitazibika. Gego amekwisha kuziba kumi na saba.

"Hiyo ndiyo kazi yangu ya asubuhi na ya jioni," anasema akicheka. "Tofauti ni moja. Jino la bandia halipati uhamisho."

Karakana yake ina vyumba viwili. Cha mbele kina kiti cha mteja, meza ya kazi iliyo chini ya dirisha, mashine ndogo ya kusugulia, na rafu iliyojaa kalibu za plasta za mataya ya watu, kila taya likiwa na namba ya penseli. Cha nyuma ni cha bendi. Magodoro mawili ya zamani yamesimamishwa ukutani ili majirani nao wapate kuishi. Ngoma ziko pembeni, spika mbili zimewekwa juu ya makreti, na kipaza sauti kimefungwa kwenye mpini wa fagio.

Gego akigusa uzi mnene wa besi, mataya yote kwenye rafu ya chumba cha mbele hutetemeka na kuanza kutafuna hewa. Wateja wapya hushtuka. Wa zamani huwaambia wakae watulie, ni mazoezi.

Seti moja ya meno, ya juu na ya chini, humchukua siku nne, na kwa mwezi hutengeneza sita au saba. Familia inaishi kwa hizo. Bendi nayo ina kipato chake. Kwa mwaka mzima uliopita, baada ya kugawana, Gego alipata kiasi kisichofikia bei ya meno ya juu ya mtu mmoja.

"Ya juu yote?" mke wake anauliza kutoka mlangoni. "Usijipandishe. Sema ya mbele."

Mke huyo ni mwalimu wa hesabu, na mtaa mzima humwita Mwalimu, mume wake akiwemo. Ameingia na kikombe cha chai, ameweka mezani, amechungulia sufuria. Pochi yake iko begani tayari, na ndani ya pochi hiyo, imekunjwa mara nne, ipo karatasi ambayo ndiyo sababu fundi hajalala vizuri tangu Jumatano.

Historia ya karatasi ni fupi na ina majonzi. Mwaka jana Magego walitangaza onyesho. Jioni ya kuamkia siku yenyewe mwimbaji wa sita aliondoka bila kuaga, mpiga gitaa wa wakati huo akamfuata, na mpiga ngoma aliposikia hayo akazima simu. Watu mia mbili walikuwa wamekaa kwenye viti. Gego akapanda peke yake na besi lake, akapiga kwa dakika kumi na moja.

Walioshuhudia hawapendi kulizungumzia. Besi peke yake ni kama mtu anayesimulia hadithi nzuri kwa kukohoa.

"Sikumkataza muziki," Mwalimu anasema. "Nilimwambia tu, Baba Watoto, humu ndani panaenea meza ya pili ya kazi. Wateja wanasubiri meno mwezi mzima wakinywa uji, na wewe umeweka ngoma. Ngoma inatafuna?"

Wakaandikiana. Magego wakitangaza tena onyesho wakashindwa kupanda, chumba cha nyuma kitakuwa cha meza ya pili, na vyombo vitatafutiwa kwao kwingine. Hakuna kwao kwingine. Gego hana chumba kingine, na bendi isiyo na mahali pa kufanyia mazoezi ni kikundi cha watu wanaosalimiana barabarani.

"Nilitia saini bila hata kusoma," anakiri. "Wakati ule nilikuwa nimepata watu wapya watatu wazuri. Aliyeshiba hutia saini chochote."

Watu hao watatu ni mwimbaji anayefanya kazi ya kusambaza barua, ambaye huitwa Posta. Fundi cherehani mwembamba anayepiga gitaa, ambaye kwa sababu mbili huitwa Sindano. Na mpiga ngoma wa tano, muuguzi wa zamu, ambaye huitwa Nesi kwa kuwa mawazo yalikuwa yamewaishia.

Jumatano ya wiki hii, saa tatu asubuhi, Nesi alifika karakana akiwa bado na sare ya kazini.

"Kaka Gego, nimepata uhamisho."

"Hongera, dada. Lini?"

"Naripoti Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii."

"Hii inayofuata Jumamosi?"

"Kaka, kwani kuna Jumatatu inayofuata Alhamisi?"

Gego anasema alikaa kwenye kiti cha wateja na, kwa mara ya kwanza tangu akinunue, akakilaza mpaka mwisho.

Hata hivyo Nesi hakuwa amekuja kuaga. Alikuwa amekuja kukabidhi. Magego wana desturi moja wanayoishika kuliko hata kukaza nyuzi, na ndiyo iliyoifanya bendi hii iishi wakati nyingine za rika lake zimebaki kwenye fulana. Anayeondoka hukabidhi. Humfundisha anayeshika nafasi yake kwa mazoezi matatu, mkono kwa mkono, na kumwachia daftari la chombo chake. Humo huandikwa kila kitu kuhusu kila wimbo, kama vile mlinzi wa usiku anavyomwandikia wa asubuhi.

Daftari la ngoma lina mwandiko wa watu watano. Ukurasa wa kwanza unasema: "Wimbo wa pili, usimtazame mwimbaji, atakupoteza." Chini yake mwandiko mwingine umeongeza: "Kweli." Wa tatu umeongeza: "Kweli kabisa."

Basi la Nesi lilikuwa linaondoka Jumamosi saa tano. Mazoezi matatu yalibaki: Jumatano jioni, Alhamisi jioni, Ijumaa jioni. Kilichokosekana ni mtu wa kukabidhiwa, na alihitajika siku hiyo hiyo.

Gego aliwapigia simu wapiga ngoma wanne wa zamani. Mmoja alikuwa ameuza ngoma akanunua mbuzi. Mmoja alikuwa amevunjika kiganja. Mmoja alikuwa mbali, juu ya paa la jengo analolijenga. Wa nne alipokea, akasikiliza, akasema "Namba siyo," kwa sauti ambayo Gego anaifahamu vizuri sana.

Saa nane mchana akaingia mteja aliyepangiwa kujaribu meno ya nta. Ni mstaafu wa miaka sitini na mitatu, mgongo umenyooka kama rula, na hufunika mdomo kwa kiganja kila anapozungumza. Alikaa. Fundi akamwekea nta mdomoni, akamwambia aume taratibu, akageuka kutafuta kisu chake kidogo.

Nyuma yake, vidole vilikuwa vinacheza kwenye mkono wa kiti.

"Havikuwa vidole vya mtu anayesubiri," Gego anakumbuka. "Vilikuwa vinajua vinakokwenda."

Akamtoa nta. Akamuuliza alistaafu kazi gani. Mzee akafunika mdomo, akajibu kwamba alikuwa sajini katika bendi ya paredi, na kwamba alipiga ngoma miaka thelathini, ndogo na kubwa, kwenye jua na kwenye mvua.

Fundi anasema hakumbuki alichokifanya baada ya hapo. Nesi, aliyekuwa chumba cha nyuma, anakumbuka. Gego alipiga magoti.

"Afande," alisema, "una kazi gani Jumamosi?"

Mzee alifikiri. Aliuliza bendi ni ya nini. Aliambiwa roki. Aliuliza roki ni nini. Aliambiwa ni kama paredi, ila hakuna anayekwenda popote. Akasema hilo anaweza kulijaribu, kwa sharti moja: apande akiwa na meno yake.

"Afande, meno yalipangwa yawe tayari wiki ijayo."

"Basi na mimi niko tayari wiki ijayo."

"Watu hawatakutazama mdomo. Watatazama mikono."

Mzee akashusha kiganja, kwa mara ya kwanza, ili aeleweke vizuri. "Kijana, tangu meno yaishe ni miaka minne sijacheka mbele za watu bila kuziba mdomo. Jukwaani mikono yote miwili ina kazi. Nikifurahi, nitaziba na nini?"

Fundi alirudi mezani akaanza kuchonga nta.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa siku tatu. Asubuhi na mchana Gego alitengeneza meno, jioni mwenye meno alifundishwa nyimbo. Chumba cha mbele kilinuka nta, cha nyuma kilinuka jasho, na Mwalimu alipita mara kwa mara akiwa na pochi, akisema amekuja tu kuona.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa ya kihistoria. Afande alikaa nyuma ya ngoma kama anayekaa mbele ya hakimu. Kila wimbo aliougusa uligeuka gwaride. Kulikuwa na wimbo wa taratibu unaomhusu mtu aliyeachwa kituoni. Katika mikono ya Afande, aliyeachwa kituoni alionekana kufurahi na kuondoka kwa hatua za haraka. Sindano alijikuta akipiga gitaa huku magoti yakipanda na kushuka yenyewe.

"Babu, hapo taratibu kidogo," Nesi alimwambia.

"Babu ni nyumbani," Afande akajibu, kiganja mdomoni. "Hapa mimi ni mwanafunzi. Na wewe binti ni mwalimu wangu, kwa hiyo usinibembeleze. Nifokee."

Nesi akamfokea. Alhamisi Afande alipunguza mwendo. Ijumaa alikuwa amekaa ndani ya nyimbo sita kati ya saba, wala hakuna aliyenyanyua tena magoti isipokuwa kwa hiari yake. Posta, aliyekuwa amekwisha kukata tamaa, alianza kuimba macho yakiwa yamefumbwa, jambo analolifanya tu akiwa na uhakika kwamba hatagongana na kitu.

Kisha wakafika kwenye "Rudisha Ngazi".

Huu ndio wimbo unaojulikana zaidi wa Magego. Unahusu jirani aliyeazima ngazi akakaa nayo mpaka mvua zikaanza. Baada ya maneno "rudisha ngazi, jirani", ngoma hunyamaza ghafla kwa mapigo manne, vyombo vyote hunyamaza pamoja nazo, kisha wimbo hurudi kwa kishindo. Imekuwa hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Afande alisimamisha vijiti hewani. "Hapa mbona mnakufa?"

"Hatufi," Nesi akasema. "Tunanyamaza. Mapigo manne."

"Kwa nini?"

Nesi akafungua daftari. Imeandikwa kwa mwandiko wa mpiga ngoma wa pili: "Baada ya 'jirani', nyamaza manne. Usiulize."

"Mimi nauliza," Afande akasema. Akaweka vijiti chini. "Miaka thelathini nilitii amri zisizo na sababu. Nimestaafu. Wimbo unakwenda vizuri, umepata nguvu, mnaukata miguu. Nitaujaza hapo kwa ngoma ndogo, trrrrr, mtaona."

"Afande, ndivyo tulivyokabidhiwa," Gego akasema.

"Na aliyekabidhi wa kwanza alikuwa na akili timamu?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa. Nesi alikabidhiwa na wa nne, wa nne na wa tatu, wa tatu na wa pili, na wa pili na yule wa kwanza, seremala aliyekuwa sasa juu ya paa. Gego mwenyewe alikuwepo siku wimbo ulipotungwa, ila anasema alidhani ni sanaa. Akapiga simu, akaiweka kwenye sauti kubwa, simu ikawekwa juu ya ngoma.

"Seremala! Ile 'Rudisha Ngazi', pale tunaponyamaza mapigo manne. Ulikuwa na wazo gani?"

Kule upande wa pili nyundo ilisimama.

"Wazo? Nilikuwa napandisha suruali."

Nesi akafunga daftari.

"Unakumbuka besi lako halikuwa na mkanda?" Seremala akaendelea. "Ukaomba wangu wa suruali, ukaufunga kwenye gitaa, ukauvaa begani. Basi mimi nikifika katikati ya wimbo, kiti kinatikisika, suruali inashuka. Nasimama, napandisha, nakaa, naendelea. Na nyinyi mlikuwa mnanisubiri. Mpaka leo mnanyamaza pale?"

"Miaka kumi na miwili," Gego akasema kwa sauti ndogo.

"Watu wanne wamenyamazia suruali yangu?"

"Wote. Bila kukosa hata siku moja."

Seremala alicheka mpaka mtu fulani kule juu akamwambia ashike ngazi vizuri. Sindano alikaa sakafuni. Posta aliegemea godoro. Na Afande, akiwa ameshikwa na kicheko kabla hajajiandaa, alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimruka, machozi yakimtoka.

Alipotulia alisema jambo lake kwa heshima. "Sasa mnaona. Sitapumzishwa na suruali ya mtu. Nitajaza."

Hapo Gego alikataa. Anasema hakuwahi kumkatalia mtu mzima maishani mwake isipokuwa wanaoomba meno ya dhahabu. Alieleza kwamba Magego wamebadilisha kila mtu na bado ni Magego kwa sababu moja tu: anayeingia hupiga kwanza alichokabidhiwa, mbele ya watu, mara moja. Baada ya hapo yuko huru kubadilisha.

"Mara moja tu, Afande. Hata kama ni suruali."

Afande aliokota vijiti. "Mara moja," akasema, bila kuahidi kwa sauti kubwa.

Maji sasa yamepoa. Ni saa moja kasoro dakika tano. Fundi analegeza skrubu nne, anafungua kisanduku, anapasua plasta kwa nyundo ndogo kama mtu anayevunja yai la bei. Ufizi haujapinda. Anashusha pumzi iliyosikika chumba cha nyuma. Kuanzia hapo ni kusugua na kung'arisha mpaka saa tano, na Nesi anapita kuaga akielekea kituoni, anaacha daftari, anamkumbatia kila mtu, na kumwambia Afande asimtazame mwimbaji.

Saa sita Afande anakaa kwenye kiti. Fundi anamvalisha meno ya juu, kisha ya chini, kisha anampa kioo.

Afande anajitazama. Anafungua mdomo kidogo, anaufunga, anaufungua zaidi. Kiganja kinapanda kwa mazoea mpaka kidevuni, kinasimama hapo, kinashuka chenyewe mpaka gotini.

"Nimefanana na kaka yangu," anasema mwishowe. "Yule mzuri."

Saa tisa kasoro dakika kumi, ukumbi wa chuo cha ufundi una watu kama mia nne. Mwalimu yuko safu ya pili na pochi yake. Nyuma ya jukwaa Afande ameshika shavu: meno ya chini yanamchoma upande wa kushoto. Fundi aliyekwisha kuvaa besi begani anatoa kitambaa cha msasa mfukoni, anachukua meno, na kuanza kuyasugua akiwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa. Mshereheshaji anawaita Magego. Fundi anasugua. Mshereheshaji anawaita mara ya pili, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo mwaka jana. Mwalimu anafungua pochi.

"Jaribu," Gego anasema.

Afande anauma. "Tena kidogo."

Mara tatu za msasa. Anauma. Anatikisa kichwa kama anayekubali amri. Wakapanda.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda, Afande akitazama dari. Wa tano ulikuwa "Rudisha Ngazi", na Gego anasema alipiga ubeti mzima akiwa amegeuza shingo, akimtazama mpiga ngoma wake kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

"Rudisha ngazi, jirani," Posta akaimba.

Afande alikuwa amenyanyua vijiti. Waliokaa pembeni waliona: vilikuwa juu ya ngoma ndogo, vimejipanga, tayari kujaza.

Ndipo ukumbi ukajaza wenyewe. Watu mia nne, waliokwisha kuusikia wimbo huo kwenye simu zao, kwenye harusi na kwenye mabweni, Magego wenyewe wasiwepo, walipiga kelele kwa pamoja, mapigo manne kamili: "I-ru-di-she!" Hakuna aliyewafundisha. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wamepewa pengo, nao wakajipangia la kuweka.

Vijiti vilibaki hewani. Na Afande, mikono yote miwili ikiwa juu ambako haiwezi kuziba chochote, alicheka, meno yote ishirini na manane yaking'aa chini ya taa, kisha akashuka kwenye ngoma kwa kishindo ambacho, kwa mujibu wa Sindano, kilimfungua kifungo.

"Kumbe ile suruali ina wenyewe," Afande alisema waliposhuka. Hajagusia tena habari ya kujaza.

Malipo ya siku hiyo, yakigawanywa kwa wanne, yalitosha kila mtu nauli na soda, na Gego seti moja ya nyuzi.

Alimfuata Mwalimu safu ya pili, jasho likimtiririka, akanyoosha mkono apewe karatasi aichane.

"Sichani," Mwalimu akasema, akifunga pochi. "Inakufaa. Ulipokuwa na hofu umetengeneza seti nzima kwa siku tatu badala ya nne."

Leo ni Jumatatu. Kuna wateja watatu kwenye benchi, na wawili kati yao walikuwepo ukumbini na wanataka kujua kama meno ya Afande yanapatikana kwa saizi yao. Chumba cha nyuma bado ni cha bendi. Sindano amepita asubuhi akasema angependa kuzungumza na Gego faragha, akiwa na wakati. Gego anafahamu maana ya faragha. Amemwambia alete daftari.

Haonekani kuhuzunika. Alipoulizwa anatarajia nini baada ya miaka kumi na minne, aliweka kisu chini, akafikiri, akatoa jibu ambalo mke wake alisimama mlangoni kulisikiliza.

"Nataka siku moja na mimi niondoke. Siyo leo, usiniandike leo. Nimfundishe mtu besi, mazoezi matatu, nimwachie. Unajua mimi sijawahi kuisikia Magego? Nimeipiga tu. Ukiwa na besi mkononi unasikia besi, na Afande mgongoni. Wimbo wenyewe wanausikia wengine."

"Utakaa nyumbani?" Mwalimu akauliza. "Wewe?"

"Nitakwenda ukumbini, Mwalimu. Nitakata tiketi mlangoni kama watu. Nikae katikati, na wewe pembeni yangu, watoke watu wanne nisiowajua hata mmoja, waseme wao ni Magego, wapige." Aliokota kisu, akarudia nta ya mteja. "Na wakikosea sitasema kitu. Nitadhani ndivyo wimbo ulivyo."